Mwinue, Kisha Umwangushe Tena

Vijana, Jumamosi nilipita kwenye mazoezi yenu nikarudi nyumbani na hasira, hata bugali haikushuka. Hamkuniona. Nilikuwa nyuma ya ukuta na fimbo yangu. Mmoja wenu, simtaji jina kwa sababu mama yake ni jirani yangu na bado nataka kuazima chumvi kwake, alimwangusha mwenzake vizuri kabisa. Pointi mbili safi. Halafu akafanya nini? Akaanza kurudi nyuma! Anazunguka tapi, huo mkeka wa mieleka, anashikashika mikono ya mwenzake, anaangalia saa, kama mtu aliyejibanza chini ya paa la watu akingoja mvua ipite. Na nyinyi mkampigia makofi. Makofi ya nini, jamani?

Mliniomba, kwa kuwa nimestaafu na kazi yangu sasa ni kulalamika, niwaambie maneno mawili matatu juu ya miaka yangu ya kufundisha mieleka. Haya. Leo nitawaambia juu ya Faida, na mtanisikiliza hata kama simu zinawawasha mikononi.

Kwanza mjue, mimi sikusomea mieleka. Nilisomea jografia. Nilipofika kwenye shule ya sekondari pale Kitshanga, prefe, mkubwa wa shule, hakutazama hata diploma yangu. Alitazama mabega. "Prof Anselme," akasema, "na ile mabega yote, ramani utaipeleka wapi? Utafundisha jimnastiki." Ndivyo nilivyoingia katika kazi hii. Baba yangu alikuwa mpana, basi mimi nikawa mwalimu wa michezo.

Tapi hatukuwa nayo. Nyinyi mna ile ya buluu, laini, mnaipanda na viatu nikiwaona nataka kulia. Sisi tulitengeneza yetu kwa maganda ya maharagi. Msicheke! Maganda yana elimu yake. Ukiyachukua mabichi yanaoza ndani ya gunia, na watoto wanatoka mazoezini wananuka pombe. Ukiyaacha yakauke kupita kiasi yanakuwa vumbi, kila mtu anakohoa. Unayachukua wakati yanalia kidogo ukiyakunja mkononi lakini hayavunjiki. Unaokota mawe, kwa vidole, si kwa macho. Unajaza magunia, unayapanga yabanane, juu yake unakaza bashi, ile hema ya plastiki, na kamba pande zote. Na unaokota punje zilizobaki, hata moja isibaki. Mwaka mmoja tulifanya uvivu. Katikati ya pambano kuku wa jirani akaingia chini ya bashi kutafuta punje, na yule mtoto aliyekuwa amebanwa chini akaruka juu akipiga kelele kwamba tapi iko na shetani. Arbitre, mwamuzi wetu, alimpa pointi. Alikuwa ametoroka kweli, si unaona.

Aliyenifundisha mchezo wenyewe ni Prof Célestin, mwalimu wa hesabu, aliyecheza mieleka mjini katika ujana wake. Masikio yake yalikuwa yamekunjamana kwa kusuguliwa na vichwa vya watu, na aliyaonyesha kwa fahari kama wengine wanavyoonyesha medali. Ninayowaambia kuhusu miguu yalitoka kwake. Usimtazame mtu usoni, uso unadanganya, tazama magoti. Ukiingia kwenye mguu wake, goti lako litangulie chini, sikio lako lishikamane na mbavu zake. Ukiacha nafasi ya kidole tu, shingo yako ni yake. Na kichwa juu. Anayeangalia chini ataenda chini.

Lakini Célestin alikuwa na neno lake lingine: "Ukipata pointi yako, funga mulango. Umukalie mpaka filimbi." Na sisi tulifunga mlango, jamani! Pambano lote mwanguko mmoja, kisha mtu amemkalia mwenzake kama gunia la mihogo mpaka muda unaisha. Mbili kwa sifuri. Watazamaji walikuwa wanakwenda kununua mandazi, wanarudi, wanakuta hakuna kilichobadilika.

Ndipo akaja Faida.

Alikuwa binti wa mlimani, juu ya Kitshanga, amelelewa na mama wa mama yake, mzee ambaye mlima mzima ulimwita Tate. Mara ya kwanza kumwona alikuwa anashuka na mzigo wa maharagi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, utelezi mtupu, na anashuka mbio! Nikatazama ile shingo, nikatazama yale magoti yaliyokunjwa, nikasema moyoni, huyu Mungu amenitengenezea mimi.

Siku yake ya kwanza kwenye tapi alimchukua miguu msichana mkubwa kuliko wote, pu! Filimbi ilikuwa bado mdomoni mwangu. Kabla sijapuliza, Faida alikuwa ameshasimama, amemnyoshea mwenzake mkono, amemwinua, na sasa anampangusa mgongo taratibu.

"Faida! Juu ya nini umemuacha?"

"Ameisha kuanguka, Prof."

"Njo umukalie! Umugeuze mugongo!"

Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Muntu iko chini, Prof, na miye nimukalie tena?"

Kumbe huko kwao ilikuwa sheria. Maharagi yakishapigwa, watu wakingoja upepo wa kupepeta, vijana hupigana mieleka ya kucheza juu ya rundo la maganda, wavulana kwa wavulana, wasichana kwa wasichana. Anayeangusha ndiye anayeinua, na anampangusa mwenzake maganda mgongoni. Ukimkalia aliyeanguka, wazee walisema, mbegu zako msimu ujao zitaoza udongoni. Kwetu bondeni hatukuwa na mwiko huo, au labda tulikuwa nao tukausahau, kama mengine.

Nilijaribu kumtoa tabia hiyo, wapi! Tulikwenda kucheza karibu na Mubambiro, askari wa kambini wakaja kutazama. Faida akamwangusha mpinzani, akampa mkono. Yule binti akasema "aksanti, dada," akasimama, akamkumbatia kiuno na kumbwaga palepale. Askari walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Prefe wetu hakucheka. "Prof Anselme," akaniambia, "hii ni mieleka ao ni arusi?"

Basi nikapanda mlima kwenda kwa Tate, Faida mbele yangu. Nilimkuta mzee amekaa nje, ungo magotini, anachagua maharagi. Nikaeleza mchezo, nikaeleza sheria, nikaeleza kwamba binti huyu anaweza kufika mbali, hata timu ya mkoa, Goma. Hakuinua macho.

"Mwalimu, nilikupa mutoto asome. Haukuniambia utamufundisha kukalia batoto ya bantu."

"Mama, ni mchezo tu."

"Hata kuku, Mwalimu, tunamukalia tu siku ya kumuchinja." Akatupa harage lililooza. "Acheze, sikatae. Lakini siku nitasikia amekalia muntu, ile siku njo anarudi shambani. Tena mambo ya Goma, sijasema ndiyo. Tutaona."

Nikamtazama Faida. Alikuwa ameshika ukingo wa ungo wa Tate, macho yamejaa machozi. Mtoto yule alipenda mieleka kupita chakula, na alimpenda Tate kupita mieleka. Sasa ningefanya nini?

Tulipokuwa tunashuka, mvua ilikuwa imepita, njia ni sabuni tupu. Nikateleza, nikakaa chini kwa makalio, mimi mwalimu mzima. Faida akasahau huzuni yake, akapiga kelele: "Prof, mbili!" Nikasimama, nikajipangusa, nikakunja uso kutafuta heshima yangu, nikapiga hatua, pu! chini tena. "Prof, ine!" Akaniinua. Hatukufika mbali. "Prof, sita!" Alikuwa anacheka mpaka amejishika mbavu.

Nikabaki nimekaa kwenye matope. Nilikuwa nafikiri, vijana! Ngoja kwanza. Nani alisema lazima tumkalie mtu? Kila mwanguko ni pointi mbili. Akisimama, anaweza kuanguka tena. Na ukimzidi mwenzako pointi kumi, arbitre anasimamisha pambano, muda umeisha haujaisha, umeshinda. Célestin alitufundisha kufunga mlango kwa sababu tulikuwa na mwanguko mmoja tu mfukoni. Huyu alikuwa nao gunia zima!

"Faida," nikasema, "tangu leo utamuinua. Lakini utamuinua ili umuangushe tena."

Tukaanza upya. Sikilizeni hapa, hii ndiyo kazi yenyewe. Kosa lake halikuwa kumwinua mtu. Kosa lilikuwa kumwinua akiwa amesimama wima, miguu pamoja, kama anayesalimu padri. Nikamfundisha kutoa mkono magoti yakiwa yamekunjwa, mguu mmoja nyuma. Mwenzako akishasimama, mwachie, rudi hatua moja, mwache akanyage vizuri, mtazame. Hiyo ilikuwa haki ya Tate na hatukuigusa. Kisha ingia. Mtu aliyetoka kuanguka anasimama juu ya visigino, jaribuni wenyewe mtaona, kwa sababu mwili unaogopa kurudi mbele. Mtu aliye juu ya visigino mguu wake ni wako.

Na usiende na shambulio moja. Unakwenda kwenye mguu wa kushoto. Akiuvuta nyuma, wa kulia ameuacha mbele, chukua huo. Akikulalia mabegani kukukandamiza, mshukuru, pita chini ya kwapa uende nyuma yake. Akikimbilia ukingo wa tapi, msukume atoke, ni pointi moja, hata moja inaliwa. Pumzi tuliitafuta mlimani: kupanda kwa kutembea, kushuka kwa kukimbia. Wengi wanafanya kinyume, wanaua mapafu na magoti hawayafundishi kitu.

Célestin alikuja kutazama akashika masikio yake. "Anselme, huyu mutoto anamwaga mali! Anapata, anaacha!" Nikamwambia angoje. Pambano lililofuata Faida alifikisha kumi kwa sifuri kabla mama wa mandazi hajapata mteja wa kwanza. Célestin akaniuliza kama natafuta msaidizi.

Kitshanga yote ikawa inakuja. Mama wa sokoni, motari na pikipiki zao, watu wa kambi za wakimbizi waliokuwa na sababu chache za kucheka siku zile, wote wanahesabu kwa sauti moja: "Mbili! Ine! Sita!" Wapinzani walitafuta dawa. Shule moja ilimpaka binti yao mafuta miguuni ili Faida asipate pa kushika. Wazo si baya, lakini walitumia mawese! Alipanda kwenye tapi miguu myekundu inang'aa, bashi lote likawa na alama, na arbitre akauliza kwa upole kama huyu ni mchezaji ao ni sombe, yale majani ya muhogo tunayopika kwa mawese.

Fainali ilikuwa Hombo, mbali kabisa, huko msituni mpakani mwa mkoa. Kufika tu ilikuwa kazi: pikipiki, kisha lori, kisha kusukuma lori. Mshindi angeitwa kwenye timu ya mkoa. Mpinzani alikuwa Rehema, binti wa palepale, mikono kama ya mpasua mbao, na akili kushinda mikono. Kwao ilikuwa nyumbani. Uwanja mzima ulikuwa wake. Sisi tulikuwa mimi, Célestin na dereva wa lori, naye dereva alikuwa amelala.

Faida alianza kama kawaida. Mbili, mkono, hatua nyuma. Ine. Sita. Watu wa Hombo wakaanza kunung'unika: "Anatuchezea! Anamuinua sababu anamuzarau!" Mimi nikaona uso wa Rehema umetulia, nikajua kuna kitu. Mara iliyofuata alipopewa mkono, aliushika kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zote, akamzungusha Faida juu ya bega, mgongo ukagusa tapi. Pointi nne! Uwanja ukalipuka. Faida akajikomboa, akamwangusha tena, lakini arbitre alisema walikuwa wameshatoka nje ya tapi, hakuna pointi. Akatoa mkono. Ayi, Mungu wangu, Rehema akarudia ileile. Nne tena. Kisha akamsukuma nje, moja. Tisa kwa sita, na muda unakwisha.

"Usimupe mukono!" Célestin alikuwa analia kabisa. "Faida, acha mukono!"

Faida akaingia kwa mguu wa kushoto, akabadilisha wa kulia, Rehema akaanguka kifudifudi. Nane kwa tisa. Na Rehema, kwa kuwa hana upumbavu, akabaki palepale. Amelala juu ya tumbo, amejifunga mikono, anangoja filimbi. Kumgeuza tu kungetosha. Kumkalia na kumgeuza, basi, Faida ameshinda. Célestin alipiga magoti, simu yake bado inachukua video. Watu wote wanapiga kelele. Na mimi, vijana, nilijua kwamba Tate yuko mbali, milima mingapi katikati, nani angemwambia? Nikang'ata filimbi yangu nisiseme kitu, kwa sababu haikuwa haki yangu kusema.

Faida akasimama. Akarudi hatua moja. Akanyosha mkono.

Arbitre akaagiza Rehema asimame. Rehema akasimama kidogokidogo, goti moja, anakaza kamba ya kiatu, anashika mgongo kama bibi kizee. Hapo sauti nzito ikatoka upande wa watu wa Hombo, baba yake mwenyewe, mwindaji mmoja mrefu, aibu imemshinda: "Rehema! Simama! Tulikuzala ya kulala? Mwenzako anakungoja!"

Uwanja wote ukacheka, na kicheko kile kikageuka. "Simama! Simama!" Watu wake! Rehema akajifuta uso, akaushika ule mkono, akasimama. Safari hii hakuvuta. Wakatazamana kidogo tu. Faida akaingia, mguu wa kushoto, Rehema akauondoa. Wa kulia, akauondoa. Faida akapita chini ya kwapa, akawa nyuma, wakaanguka pamoja. Mbili. Filimbi. Kumi kwa tisa. Wakati Faida anamwinua, baba yake Rehema alikuwa ameshaingia uwanjani bila ruhusa ya mtu, anawapangusa wote wawili migongo.

Sasa mnafikiri tulirudi na furaha tupu. Hapana. Goma ilikuwa inamngoja, lakini Tate alikuwa bado hajasema ndiyo. Njia nzima Faida hakula. "Atakatala, Prof," alikuwa anasema. "Atasema nimechezea bantu."

Tulimkuta Tate jikoni, anageuza sombe. Nikamwambia: Faida ameshinda, hakumkalia mtu.

"Kinywa chako ni kizuri, Mwalimu," akasema. "Lakini ni kinywa. Nioneshe."

Célestin alikuwa amechukua video kwenye simu yake, picha inarukaruka kwa sababu mwenyewe alikuwa anarukaruka. Nikampa Tate ile simu. Hakuwa ameona mieleka ya shule hata siku moja. Aliisogeza karibu na pua, akakaza macho. Mwanguko wa kwanza akaguna. Wa pili akatikisa kichwa kwa mdundo. Rehema alipouvuta mkono, Tate alitukana kwa Kihunde tusi ambalo sitalitamka hapa. Majirani wakaanza kuingia. Mara ya pili mkono ulipovutwa, akaacha mwiko sufuriani. Alikuwa hakai tena, alikuwa amesimama, kikwembe kinamdondoka begani hata hajui.

Kisha Rehema akalala juu ya tumbo. Kwenye simu unasikia uwanja wote unapiga kelele. Na Tate, simu mikononi, akapiga kelele kupita uwanja wote:

"Mukalie! Faida, mukalie! Muda inaisha, mwana wangu, mukalieee!"

Faida alikuwa mlangoni, mdomo wazi.

"Tate?"

Mzee akageuka, akatuona wote tunamtazama. Akashika mdomo. Kwenye simu Faida alikuwa ameshasimama, mkono umenyoshwa, anangoja. Tate akautazama ule mkono mpaka Rehema akaushika. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, machozi yanamtoka, na baadaye kicheko kikaisha machozi yakabaki. Akanirudishia simu bila kutazama mwisho.

"Njoo," akamwambia Faida. Akamshika uso kwa mikono yake miwili yenye sombe. "Miye njo nilikukataza. Na miye njo ningemukalia. Enda Goma, mwana wangu. Sina tena kitu ya kukufundisha."